Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Hisa Unazotaka Kununua

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mwandishi wa habari za fedha anaruhusiwa kununua hisa za benki anayoiandika. Kuhusu ruhusa, kanuni za gazeti lako zitakujibu. Mimi nitakueleza habari ya mjomba wako, ambayo unaijua nusu tu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, ile ya oksijeni, niliandika gazetini kwa furaha ya mtu aliyekulia Muheza akiona mashamba ya mkonge yakiwa ya Wazungu, kisha ya serikali, wala si ya baba yake hata siku moja. Miaka michache baadaye nilizisifu hisa za kampuni nyingine. Sikuongopa hata neno moja, lakini sikuandika kwamba nilikuwa nimekwisha kuzinunua kwa jina la mama yako.

Mjomba wako alisoma, akaweka humo fedha alizodunduliza kwa ajili ya mashine ya boti. Alipotaka kuziuza, dalali alimwambia kuwa hakuna mnunuzi, na boti ikakaa mchangani Sahare kaskazi nzima. Siku ya Idi aliniuliza mbele yenu: "Shemeji, ulipoandika ulikuwa nazo?" Nikajibu kwamba zilikuwa za dada yake. Jibu hilo linanichoma mpaka leo.

Ndiyo maana nasema kila siku: msomaji aujue mfuko wako kabla ya kuiamini kalamu yako. Huko Marekani, R. Foster Winans wa gazeti la Wall Street Journal alitiwa hatiani mwaka 1985 kwa kumdokezea wakala wa hisa yaliyokuwa yatatoka katika safu yake. Mimi sikufika huko. Lakini mjomba wako hakuniuliza habari ya sheria.

Hata hivyo, asiyewahi kuweka shilingi yake sokoni atayaandikaje machungu ya kukosa mnunuzi? Mimi nilikuwa nikiandika "ukwasi mdogo", yaani hisa kutouzika kwa urahisi, bila kuuhisi. Pengine ungeweka fedha katika mfuko wa pamoja wa uwekezaji, kama ule wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005, ambamo huchagui kampuni mwenyewe. Nikifikiri tena, naona hata huo unapaswa kuutaja: msomaji aujue mfuko wako.

Sikukatazi, ingawa neno hilo liko mkononi mwangu tangu nilipoanza kuandika barua hii. Ukija, pitia kwanza Sahare umsalimie mjomba wako. Hisa zile hajaziuza, na kila gawio likiingia hunipigia simu kunieleza kiasi chake.

Baba yako