Kuuza tulijua, kusimamia hatukujua

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: mageuzi ya uchumi ya Rais Benjamin Mkapa yalimwachia nini Mtanzania wa kawaida? Huku kwetu kusini swali hilo likitupwa kijiweni, chai hupoa vikombeni. Mzee Mkapa alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, na huko huko alizikwa Julai 2020. Ni wa kwetu, na bado tunagombana juu yake kama ndugu wanavyogombania mirathi.

Nianze na jambo ambalo wenye hasira naye hawapendi kulisikia. Alipoingia Ikulu mwaka 1995, wafadhili walikuwa wamesitisha misaada tangu mwaka uliotangulia kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa ovyo. Mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 25. Mwaka 1996 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza kazi na kodi ikaanza kukusanywa kweli. Miaka michache baadaye mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 6. Mwaka 2001 tukasamehewa sehemu kubwa ya deni la nje, na mwaka 2002, chini ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, watoto wakaingia shule ya msingi bila ada. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mwaka huo. Nilipokea watoto wa miaka 7, wa miaka 9, hata wa miaka 11 ambao wazazi wao walikuwa wameshakata tamaa. Walikaa watano kwenye dawati la wawili, wengine sakafuni. Wengine waliokaa sakafuni siku zile leo ni wauguzi na walimu, na nawajua kwa majina. Kwa hiyo mtu akiniambia mageuzi yale yalikuwa ya kuwafurahisha wakopeshaji wa nje wa IMF tu, tutakesha.

Sasa nije kwenye korosho, maana hapo ndipo penye kidonda changu.

Miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa Mtwara na Lindi, kwa mikopo ya nje na kwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Mama yangu mdogo aliajiriwa katika kimojawapo mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kuchagua: nzima huku, nusu huku, vipande kule. Alivaa gauni la kazi na kofia, alilipwa mwisho wa mwezi, na kwa mshahara ule aliezeka nyumba yake kwa bati akiwa mwanamke asiye na mume. Kijijini kwetu hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Haki isemwe: kiwanda kile hakikuuawa na Mkapa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, mapori yakaimeza. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ya kumkatisha tamaa. Kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiri unga, maua yakawa yanakauka kabla ya kushika. Ilipofika katikati ya miaka ya 80, mavuno yalikuwa hayafiki hata tani 20,000. Tulikuwa tumejenga viwanda vya kubangua korosho ambazo hazipo, na mkopo ukabaki kudaiwa. Mama mdogo aliambiwa arudi nyumbani "kwa muda", na kiwanda kikafungwa kwa kufuli.

Vilevile haki isemwe kwamba soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiri unga ikapatikana, korosho ilifufuka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 90 mavuno yalikuwa yamepita tani 100,000. Huo ndio wakati viwanda vile vilipaswa kuamka. Malighafi ilikuwepo mlangoni, na wafanyakazi wenye ujuzi walikuwa bado hai, wakilima mihogo hatua chache kutoka getini.

Badala yake viliuzwa, na vingi havikubangua hata gunia moja baada ya kuuzwa. Kile cha mama mdogo kilipata mnunuzi. Siku alipokuja kukiona, wanawake walijipanga barabarani na vyeti vyao vya kazi mkononi, kila mmoja akidhani ataandikwa upya. Yalikuja malori. Yakabeba mitambo, vipande kwa vipande, usiku na mchana. Kilichobaki ni kuta na paa, na kuta na paa vinatosha kuwa ghala. Tangu hapo korosho ghafi hukusanywa mle ndani, hupakiwa, hupelekwa bandari ya Mtwara, na kutoka hapo India. Wanawake wa Kollam, katika jimbo la Kerala, ndio wanaolipwa kwa kazi aliyokuwa akiifanya mama mdogo. Siwachukii, nao wanasomesha watoto. Lakini mama mdogo naye alikuwa na watoto. Alianza kuchoma na kubangua nyumbani, kwa kigingi na jiwe, na mafuta ya ganda yalimchoma vidole mpaka alama za ngozi zikafutika. Alipokwenda kujiandikisha kupiga kura, kidole chake hakikutoa alama.

Wenzangu wa kijiweni husema: "Mwalimu, kiwanda mfu kimeuzwa, ulitaka Serikali ikitunze kama kaburi?" Hapana. Kuuza sikukupinga. Mashirika ya umma karibu 400 yalikuwa yakila kodi yetu, na tume ya kuyarekebisha ilikuwa imeundwa kabla Mkapa hajawa Rais. Nilichotaka ni swali dogo siku ya mauzo: usipobangua, tutakufanya nini? Na baada ya mwaka mmoja, mtu wa Serikali apande gari aje aangalie. Ilichukua zaidi ya miaka 10, na marais wengine, kabla Serikali haijaanza kuzunguka ikiuliza viwanda ilivyouza vinafanya nini.

Ukitazama sehemu nyingine utakuta tatizo ni lile lile. Maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2003, na kufikia Mei 2005 mkataba ulikuwa umevunjwa. Sheria ya madini ya 1998 iliwavutia wawekezaji kweli, ila mrabaha wa dhahabu, yaani fungu la thamani yake linalolipwa Serikali, ukawa asilimia 3 tu, na ikatubidi tuubadilishe baadaye mara mbili. Lakini pale Serikali ilipojishikiza, mambo yalikwenda. Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ilipogawanywa mwaka 1997, jambo ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe hakulifurahia, benki ya NMB iliyozaliwa humo ilibaki na matawi yake wilayani na haikukimbilia mijini. Mshahara wangu wa ualimu ulipitia huko miaka yote.

Kuna pia daraja. Asiyewahi kulala kwenye kivuko cha Ndundu wakati wa masika hawezi kujua. Mto Rufiji ulikuwa ukifurika, Lindi na Mtwara zinakuwa kisiwa, mgonjwa anafia foleni. Mwaka 2003 daraja lilifunguliwa, karibu mita 970, na likapewa jina la Mkapa kwa haki. Kweli, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki tope kwa miaka mingi baada ya hapo, lakini tulikuwa tumevuka. Na lori linalobeba korosho ghafi na basi linalompeleka mwanangu chuoni yote hupita juu ya daraja hilo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: aliuacha uchumi wa nchi ukiwa umesimama, akawaacha wengine wakiwa wamesimama nje ya geti. Walionufaika na waliolipa gharama hawakuwa watu wale wale, na hakuna aliyekaa chini kuwafidia waliolipa. Mama mdogo ana miaka zaidi ya 70 sasa. Cheti chake cha kazi bado anakitunza ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro.

Nanyi wahariri nina ombi. Mkataba wa mauzo wa kiwanda kile, sisi wa hapa hatujawahi kuuona. Mnaofika kwenye ofisi za Serikali, tuulizieni uko wapi, na ulimtaka mnunuzi afanye nini.