Kabla hakimu hajamwachia, jua atalala wapi

Wenzangu wa msaada wa kisheria na ustawi wa jamii hapa Dar huniuliza jinsi ya kuanzisha mpango wa kuwatoa rumande wagonjwa wa akili wasio na makazi ili wapelekwe kwenye tiba. Wengi huanza na sheria. Mimi, kwa miaka niliyoratibu kazi hii, nimeona ugumu mkubwa unaanza pale mtu anapoachiwa. Anatoka mahakamani huru asubuhi, jioni yuko kwenye kibaraza kilekile alichokamatiwa, hana dawa, na wiki chache baadaye mnaonana tena kizimbani. Ndiyo maana kila faili ninaloshika huanza na maswali mawili: usiku wa kwanza atalala wapi, na dozi inayofuata ataipata kwa nani? Majibu yatafutwe kabla ya tarehe ya kesi kutajwa mahakamani, siyo siku hiyohiyo kwenye korido ya mahakama.

Marekani wana mahakama maalumu za afya ya akili. Ile ya Broward, Florida, ilianza mwaka 1997. Sisi Tanzania hatuna, lakini sheria tulizonazo zinatosha kuanzia. Mwendesha mashtaka anaweza kuondoa shauri. Mahakama inaweza kumwachia mkosaji kwa masharti kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Hakimu akiona mshtakiwa haelewi kinachoendelea, anaweza kusimamisha kesi na kuagiza akapimwe. Iko Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayompa nafasi msaidizi wa kisheria kufika mpaka mahabusu. Fahamu tu kesi iko mahakama ipi, maana taratibu za mahakama ya mwanzo si zile za mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi.

Hapo kwenye kupimwa akili nawasihi muwe waangalifu. Mtu akipelekwa hospitali ya akili kwa amri ya mahakama, taarifa ya daktari inatakiwa kurudi ndani ya siku 42. Kwa kesi za mauaji njia hiyo inafaa, na ndiyo inayowafikisha wengi Isanga, Dodoma, kwenye taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi. Lakini kwa kijana aliyechukua mkate dukani, kusubiri usafiri, kusubiri kitanda na kusubiri taarifa kunaweza kumweka ndani muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa. Kwa makosa madogo, zungumza na mwendesha mashtaka kwanza. Nenda na barua ya kliniki mkononi, jina la atakayempokea na tarehe ya kumwona daktari. Waendesha mashtaka wengi niliofanya nao kazi ni watu wa kuelewa, ila hawawezi kuondoa shauri kwa maneno ya huruma peke yake.

Jingine la mapema kabisa ni kuwahi kabla mashtaka hayajasomwa. Mshtakiwa anasomewa kosa, anaulizwa ni kweli au si kweli. Mgonjwa aliyechoka, aliyezoea kufokewa, atajibu "kweli". Nimekaa mahakamani nikamsikia mtu akijibu "kweli, Mheshimiwa" kwa kosa la wizi, na alipoulizwa jina lake naye akajibu "kweli, Mheshimiwa". Hakimu yule alikuwa makini, aliweka kalamu chini akaniita mbele. Usitegemee kila siku kupata aliye makini hivyo. Kila asubuhi mtu wenu mmoja apite mahabusu ya mahakama kabla kesi hazijaanza kuitwa. Azungumze na askari kwa heshima: "Afande, leo kuna yeyote asiyejielewa?" Askari wanajua. Usiku kucha wamesikia nani anaongea peke yake na nani hajagusa chakula.

Wengine hukamatwa kwa uzururaji tu. Mwezi Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Maoni hayo hayafuti sheria yetu, ila yaweke kwenye barua yako. Yanasaidia mazungumzo.

Usikubali kila aliyechanganyikiwa aitwe kichaa. Malaria kali, jeraha la kichwa, virusi vya UKIMWI, kaswende iliyofika kwenye ubongo, vyote vinaweza kumfanya mtu aongee yasiyoeleweka. Mwenye kifafa akizinduka baada ya degedege, hajui alipo, watu husema amelewa au ana majini. Mwombe askari PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mgonjwa apimwe mwili mzima kwanza. Kwa wanaotumia unga, kuna kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo. Ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, na huduma hiyo ipo pia Mwananyamala na Temeke. Mtu mwenye ugonjwa wa akili na uraibu kwa pamoja hatapona ukimtibu upande mmoja.

Sasa dhamana. Mahakama inataka mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mtu anayelala nje barua ya mtaa ataitoa wapi? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mimi nasema ndipo kazi inapoanza. Nenda pale anapolala. Kila anayelala nje Kariakoo, Posta au Buguruni ana watu wanaomjua: mlinzi wa duka, wabeba mizigo, muuza kahawa, mama ntilie.

Kuna kijana alikuwa rumande kwa kuvunja kioo cha gari. Faili lake lilisema hana ndugu. Nikaenda eneo liitwalo Gerezani, karibu na Kariakoo, mitaa alikokuwa akilala, nikamkuta mama ntilie anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unamtafuta nani?"

Nilipomweleza mavazi ya kijana, aliacha kumenya. "Huyo wangu. Asubuhi namwekea uji. Akianza kukataa uji, najua mambo yameharibika. Alikataa siku tatu kabla hawajamchukua."

Sentensi ile ya uji ilimsaidia daktari kuliko faili zima. Mama yule hakuwa na hati ya nyumba, lakini mwenyekiti wa mtaa alimfahamu vizuri, akaandika barua kuthibitisha kwamba kijana anajulikana pale na kwamba mama huyo atakuwa mtu wa mawasiliano. Hakimu akaridhika. Baadaye vidonge vya asubuhi vilikaa kwenye kopo lake la chumvi, na kijana alivimeza na uji. Mtu wa namna hii mlipeni nauli na vocha, mtembeleeni, na msimwachie mzigo wote. Ana watoto wake na biashara yake.

Kuhusu dawa, mwambieni daktari wazi kwamba mgonjwa analala nje. Klopromazini, moja ya dawa za ugonjwa wa akili, huleta usingizi mzito, na kwa anayelala barabarani usingizi huo ni hatari ya kuibiwa, kubakwa au kukanyagwa na gari. Dawa hiyo pia hufanya ngozi iungue kirahisi kwa jua, na jua la Dar mnalijua. Sindano ya flufenazini, dawa nyingine ya akili, inayodumu wiki kadhaa mara nyingi inawafaa zaidi, kwa sababu hakuna vidonge vya kupotea wala kunyang'anywa. Mgonjwa akikakamaa shingo au akitetemeka, asiambiwe avumilie. Arudishwe kliniki, kuna benzeksoli, dawa ya kutuliza madhara hayo. Wengi niliowaona wakikimbia tiba, walichokikimbia ni madhara ya dawa ambayo hakuna aliyewaeleza. Wasio na uwezo wa kulipa, pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema mfuatilie msamaha.

Familia ikipatikana mkoani, msimpandishe mgonjwa basi peke yake pale Mbezi na karatasi ya namba ya simu mfukoni. Atashuka njiani. Asindikizwe, na mtendaji wa kijiji ajue anakuja, na kituo cha afya cha kule kiwe na dawa anayotumia. Familia nayo isikilizwe. Wengine waliuza ng'ombe wakazunguka kwa waganga miaka mingi, wamechoka, na wana haki ya kusema wamechoka. Ikiwa hawawezi kumpokea, ni heri waseme mapema kuliko wamfungie chumbani kwa mnyororo. Kwa sababu hiyohiyo, msimpeleke mtu kwenye nyumba ya maombi au ya kuacha dawa za kulevya isiyotembelewa na daktari, hata wakimpokea bure.

Na tafadhali, hizo picha za "kabla na baada" zinazorushwa mitandaoni kuchangisha fedha, ziacheni. Mtu aliyepigwa picha akiwa uchi jalalani siku moja atapona, ataomba kazi, ataoa. Hakuwahi kukubali.

Kesi ikiwa bado hai, zitumieni tarehe za kutajwa. Kwenye mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, mshtakiwa aliye rumande kesi yake haiahirishwi zaidi ya siku 15 kwa mara moja, kwa hiyo mnapata nafasi ya kumweleza hakimu hali ilivyo. Leteni taarifa ya nusu ukurasa: kliniki alifika lini, analala wapi, nini kimekwama. Akikosa kliniki, andikeni amekosa. Akipotea, andikeni amepotea na mmemtafuta wapi. Na akikamatwa tena, jambo ambalo litatokea kwa baadhi, nendeni siku hiyohiyo mkiwa na kadi yake ya kliniki, mwombe daktari aangalie upya dozi, kisha mrudi kwa mwendesha mashtaka yuleyule aliyewaamini mwanzo, mumweleze ninyi wenyewe kabla hajasikia kwa mwingine.