Boksi la spika linalovuma

Ndugu, umeuliza kwa nini boksi lako la plaiwudi ya mm 9 linavuma besi ikipanda. Ubao ni mwembamba mno, kwa hiyo kuta zenyewe zinatikisika. Tumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) ya mm 18, na ndani weka ubao wa kukaza unaoshika kuta mbili zinazotazamana, uliotobolewa matundu makubwa hewa ipite. Ujazo fuata wa mtengenezaji wa spika, ongeza kidogo kufidia nafasi ya ubao huo.

Gundi paka ukingo mzima, usiibanie! Kama boksi ni la kuziba kabisa, sukuma koni (ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika) taratibu kwa vidole kisha iachie: ikirudi polepole, halivuji. Ikiruka kurudi papo hapo, tafuta penye upenyo, hasa kwenye tundu la waya.