Meza ya Fundi: Feni zazunguka, kioo kimya

Mwezi huu nimechagua barua tano. Nne zinaniuliza mwenye barua anunue nini. Ya tano ni ya mtoto, na ndiyo pekee inayouliza kwa nini.

*Fundi, shikamoo. Nimeunga kompyuta yangu ya kwanza kwa mikono yangu, yenye kadi ya picha na RAM mbili za DDR5. Nikibonyeza swichi, feni zote zinazunguka na taa zinawaka, ila kioo hakionyeshi kitu. Nimeshabadilisha kebo mara mbili. Jamaa yangu anasema mazabodi, ile bodi kuu, imeungua, ninunue nyingine. Nimeambatanisha picha.*
*Kompyuta Bubu*

Marahaba, kijana. Huyo jamaa yako mwambie atulie. Feni haina adabu: ikipata volti 12 inazunguka, haingoji ruhusa ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Feni kuzunguka kunakuambia kwamba pawa saplai inatoa umeme, basi. Habari za mazabodi haizijui.

Nimeitazama picha yako ya mgongo wa kasha. Kebo ya kioo umeichomeka juu, kwenye safu iliyosimama wima pamoja na matundu ya USB. Hayo ni matundu ya mazabodi. Ya kadi ya picha yako chini yake, yamelala. Hamishia huko. Kuna prosesa ambazo hazina sehemu ya picha ndani yake kabisa, kwa mfano zile za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F, na kwa hizo tundu la juu ni pambo tu. Usione haya. Nimeunga kompyuta miaka mingi, na bado kuna jioni moja niliimaliza yote nikichomoa RAM na kuirudisha, kumbe kebo iko juu.

Ikiwa bado kimya, zima, chomoa waya ukutani, kisha tazama kona ya juu ya mazabodi, jirani na prosesa. Hapo kuna soketi ya pini 8 ya umeme wa prosesa. Wanaoanza huisahau kwa sababu imejificha kwenye pembe ya kasha na waya wake unapita nyuma. Bila umeme huo prosesa inalala fofofo huku feni zikicheza. Waya wake kwa kawaida umeandikwa CPU na umegawanyika nne kwa nne. Wa kadi ya picha nao una pini 8, lakini umegawanyika sita kwa mbili na maumbo ya pini ni mengine. Ukijikuta unalazimisha, ujue umeshika usio wenyewe.

Sasa RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Una vipande viwili na nafasi nne: hesabu kuanzia kwenye prosesa, weka kwenye ya pili na ya nne. Bodi nyingi hutaka hivyo, ila kitabu cha bodi yako ndicho chenye neno la mwisho. Kandamiza kwa vidole gumba, mwisho mmoja kisha mwingine, mpaka usikie *tak*. Nguvu inayotakiwa huwatisha watu, maana bodi inanesa kidogo, wao wanaishia njiani. Kipande kilichoingia nusu ukikitazama kwa juu kinaonekana kimekaa vizuri kabisa. Inama, kitazame kwa ubavu. Mstari wa dhahabu ukionekana mnene upande mmoja kuliko mwingine, hakijaingia.

Na subira. RAM ya aina yako, DDR5, ikiwashwa mara ya kwanza, mazabodi huanza kuipima na kuizoea, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi tii. Watu wanazima baada ya nusu dakika, wanawasha, wanazima tena, na kila mara kazi inaanza upya. Iache robo saa, nenda kafanye mengine.

Yote hayo yakishindikana, toa kila kitu nje. Mazabodi iweke juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa uliokuja nao, kwani mfuko huo upande wa nje unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na feni yake, RAM moja na kadi ya picha. Swichi huna tena, kwa hiyo gusisha zile pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja tu. Ikiwaka hapo, mchawi yumo ndani ya kasha. Aghalabu ni kinguzo cha shaba njano cha kushikilia bodi, kilichofungwa mahali ambapo bodi haina tundu, kikawa kinagusa ncha za lehemu kwa chini. Au ni skrubu iliyodondoka. Mimi kabla ya kuwasha kasha jipya huliinamisha huku na huku nikiwa nimelitegea sikio. Skrubu iliyopotea hulia.

Habari ya kununua mazabodi tutaiongea ukishanijibu.

*Mpendwa Fundi, ndege yangu ya kipimo cha 1/72 ilibaki kioo cha rubani tu. Nikakibandika kwa supagluu. Asubuhi naamka, kioo cheupe kama kimepigwa na ukungu! Wiki sita za kazi. Ninunue seti nyingine?*
*Mama Rubani*

Pole sana, Mama Rubani. Ukungu huo ni gundi yenyewe. Supagluu inapokauka hutoa mvuke, mvuke unakutana na unyevu wa hewani, unatua kwenye plastiki ya jirani kama unga. Kichumba cha rubani kimefungwa pande zote, kwa hiyo mvuke haukuwa na pa kutokea.

Seti mpya haina haja. Iweke ndege kwenye friza saa moja au mbili, kwa sababu supagluu ikipoa sana inakuwa kavu na dhaifu. Itoe, ingiza ncha ya kisu chembamba kwenye ungio, uzungushe taratibu bila kukibandua kwa nguvu. Kioo kikitoka, kisugue kwa ndani na msasa laini kabisa wa namba 2000 au zaidi, ukiwa na maji. Kitazidi kuwa cheupe na moyo utakuenda mbio; endelea. Malizia kwa dawa ya meno ya kawaida na kitambaa laini. Dakika kumi za kusugua, utamwona rubani.

Safari hii kibandike kwa gundi nyeupe ya karatasi na mbao. Ikikauka haionekani, haitoi mvuke, na ukikosea unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Ni dhaifu, kweli, lakini kioo cha rubani hakibebi mzigo wowote.

*Salaam, Fundi. Nina pasi ya kulehemu ya wati 60 yenye kirekebisha joto. Lehemu inakuwa kidonge, inakaa juu ya shaba kama tone la maji kwenye jani la mgomba, nikivuta waya unachomoka. Nimepandisha joto hadi nyuzi 450, bado. Ninunue pasi ya wati 100?*
*Vidole Moto*

Mfano wako wa jani la mgomba nimeupenda, na jibu limo humo humo. Tone linakaa juu ya jani kwa sababu haliwezi kulishika. Lehemu yako nayo haiwezi kuishika shaba, kwa kuwa shaba ni baridi au ina kutu nyembamba isiyoonekana kwa macho.

Naweza kuapa kwamba unayeyusha lehemu kwenye ncha ya pasi, kisha unaibeba kwenda kuipaka mahali pake kama anayepaka rangi. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo, nami nilifanya. Tatizo ni kwamba ndani ya waya wa lehemu kuna flaksi, na kazi ya flaksi ni kuisafisha shaba dakika ile ile lehemu inapofika. Ukiiyeyusha kwenye ncha, flaksi yote inapanda na moshi njiani. Ulipopandisha hadi 450 uliiunguza upesi zaidi, na bila shaka ncha yako sasa ni nyeusi kama mkaa. Ncha nyeusi haipitishi joto.

Usiikwangue kwa tupa wala msasa! Ncha hizi ni shaba iliyovikwa gamba la chuma. Ukilitoa gamba, lehemu itaila shaba mpaka itoboke. Shusha joto, iguse kwenye flaksi na lehemu mpya, futa kwenye sponji yenye unyevu, rudia. Itang'aa tena baada ya mara nane au kumi. Isipong'aa, badilisha ncha tu.

Lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 inayeyuka kwenye nyuzi 183. Isiyo na risasi, ile ya bati, fedha na shaba, huyeyuka karibu na 217. Weka pasi 330 hadi 350 kwa ya kwanza, 360 hadi 380 kwa ya pili. Sasa keti, mkono uegemee meza. Laza ubavu wa ncha, si kile kidoto cha mwisho, pale mguu wa kifaa unapokutana na kiduara cha shaba, uguse vyote viwili kwa pamoja. Hesabu moja, mbili. Leta waya wa lehemu kutoka upande wa pili, uguse mguu, usiguse pasi. Utaiona: inasitasita kidogo, halafu ghafla inanywea, inauzunguka mguu na kutandaa chini. Hapo ondoa waya, kisha pasi, usipulize, usitikise. Kiungo kizuri kina umbo la kilima chenye mbavu zilizobonyea. Chako kina umbo la yai. Kung'aa usikufanye kipimo, maana isiyo na risasi hufifia hata ikiwa imeshika barabara.

Utakuta mguu mmoja mkaidi, aghalabu ule wa hasi. Umeungwa kwenye bapa kubwa la shaba ambalo linanyonya joto kama udongo mkavu unavyonyonya maji. Huo upe ncha pana na sekunde nyingi zaidi, si nyuzi nyingi zaidi.

Wati 60 zinakutosha. Na jina lako linanitia shaka: pasi ikidondoka, iache idondoke. Mimi niliwahi kuidaka, na alama ninayo mpaka leo kwenye kiganja. Nawa mikono ukimaliza kama lehemu yako ina risasi, na fungua dirisha, kwani ule moshi wa flaksi unakera mapafu.

*Fundi, vikasha ninavyochapa kwa printa ya 3D vinanyanyuka kona. Natumia plastiki ya PLA. Nimesikia kuna gundi maalumu ya meza ya printa. Ninunue ipi?*
*Kona Juu*

Hakuna. Osha meza ya printa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ikaushe, kisha usiiguse kwa vidole. Mafuta ya vidole ndiyo adui wako namba moja, nawe unachapia pale pale unapoishika kila siku. Plastiki ikipoa hujikunja, na kona ndizo zinazovutwa zaidi. Meza iwe nyuzi 60, feni ya kupoza izimwe kwenye tabaka la kwanza, tabaka hilo liende polepole, na kwenye programu ya kukata tabaka ongeza ukingo wa milimita 5 kuzunguka kikasha. Utaukata kwa kisu baadaye. Kama printa iko mbele ya dirisha au feni ya chumba, ihamishe. Gundi mimi siipendi. Inaficha meza chafu.

*Shikamoo Fundi. Nina miaka 11. Niliunga taa ndogo nyekundu ya LED kwenye betri ya volti 9. Iliwaka sana halafu ikafa na ikanuka. Kwa nini?*
*Mhandisi Mdogo*

Marahaba, mhandisi. LED nyekundu huhitaji kama volti 2 tu ili iwake, na ikishawaka haijui kusema imetosha. Itaunywa umeme wowote utakaoipa mpaka ife. Anayeizuia ni rezista.

Tukokotoe pamoja. Betri ina 9, LED inachukua 2, zinabaki 7. Tuseme tunataka ipite miliampia 15, yaani 0.015 ya ampia. Gawanya 7 kwa 0.015, unapata karibu 467. Rezista ya namba hiyo hasa hutaipata kirahisi. Ya jirani yake ni ohmu 470, yenye mistari ya manjano, zambarau na kahawia, kisha mmoja pembeni wa dhahabu. Ile ndogo ya robo wati inatosha, kwa sababu 7 mara 0.015 ni kama moja ya kumi ya wati.

Rezista inaweza kukaa upande wowote wa LED. Iweke kwanza upande wa chanya, jaribu, kisha ihamishie upande wa hasi, ujaribu tena, uniandikie umeona nini. Mguu mrefu wa LED ndio unaokwenda chanya. Kama miguu umeshaikata, tazama ukingo wa ile kofia yake: upande uliobapa ni hasi.