Kuachana miaka 3 bado si talaka

Unauliza kama kuishi mbali na mume wako miaka 3 kunatosha kuvunja ndoa. Hapana, dada. Hata akae Lubumbashi na wewe Goma miaka 10, hata wazee warudishe mahari, ndoa bado ipo mpaka juji aivunje. Kifungu cha 551 cha Sheria ya Familia ya Kongo (RDC) (Code de la famille ya 1987, iliyorekebishwa 2016) kinasema tu kwamba mmoja akiondoka kwa miaka 3 au zaidi, inadhaniwa ndoa imeharibika kabisa. Hiyo ni hoja ya kupeleka kwa juji. Peke yake haivunji kitu.

Ombi la talaka linapelekwa tribunal de paix (mahakama ya amani) ya mahali anapoishi mume, ao pale mlipoishi pamoja mara ya mwisho. Unaweza kuandika ao kusema kwa mdomo. Juji atajaribu kwanza kuwapatanisha, usishangae.

Watu wanakwama kwenye tarehe: wanafika bila ushahidi wa siku mwenzao alipoondoka. Tafuta majirani, barua ya chef d'avenue (kiongozi wa mtaa), mkataba wake wa nyumba huko. Na kama alirudi mkapatana katikati, hesabu inaweza kuanza upya.

Na kama mume alinunua parcelle (kiwanja) mkiwa mbali, nayo usiisahau. Kama hamkuchagua mpango wa mali siku ya ndoa, mnahesabiwa kwa communauté réduite aux acquêts, kwa hiyo kilichonunuliwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili, hata kama karatasi ina jina lake peke yake.