Kabla Hamjapanga Bei Kwenye Kundi la Wanamuziki

Msimu wa Disemba ukikaribia, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanamuziki wa Mombasa huzuka ujumbe uleule: bendi ya watu wanne isipige hotelini chini ya bei fulani, na atakayeshusha atolewe kundini. Nawaelewa wenzangu. Nimepiga kinanda hoteli za Nyali na Bamburi kwa miaka, na nimeshaambiwa na meneja, "Wenzako wamekubali nusu ya hiyo," nami sina njia ya kujua kama ni kweli. Lakini ujumbe ule siusambazi, nanyi nawashauri msiusambaze.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 haimtazami mwanamuziki wa kujitegemea kama mfanyakazi. Ni mfanyabiashara, hata kama mtaji wake wote ni kinanda na shati la kitenge. Kifungu cha 21 kinakataza washindani kupatana bei au masharti mengine ya biashara. Cha 22 kinavibana vyama vya wafanyabiashara: hata kuwapendekezea wanachama bei hairuhusiwi. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 5, faini ya shilingi milioni 10, au vyote viwili. Na ujumbe wa WhatsApp, mwajua wenyewe, haukai kundini.

Mbona basi wahudumu wa hoteli hiyohiyo wana chama kinachowajadilia mshahara? Wao wameajiriwa, na Ibara ya 41 ya Katiba inawalinda. Hapo jichunguze. Ukipiga hoteli moja karibu kila usiku, ukapangiwa saa, nyimbo, hata sare, huenda wewe ni mwajiriwa aliyeandikiwa karatasi ya mkandarasi. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya wanamuziki wa Uholanzi wanaojaza nafasi kwenye okestra, ilisema mapatano ya chama kwa aliyejitegemea kwa jina tu hayavunji sheria ya ushindani. Ayalandi nayo mwaka 2017 iliwaruhusu waigizaji wa sauti, wanamuziki wa kurekodi studio na waandishi wa habari wa kujitegemea kujadiliana malipo pamoja. Hayo ni ya kwao. Kwetu, wanaotaka bei ya pamoja waiombe kwanza Mamlaka ya Ushindani iwaondolee katazo hilo, chini ya kifungu cha 25. Ni kazi ya wakili, si ya admini wa kundi.

Kwa maoni yangu, kinachotuumiza zaidi ya bei ni malipo kucheleweshwa, na hapo sheria iko upande wetu. Kifungu cha 24A cha Sheria hiyohiyo ya Ushindani kinamzuia mnunuzi mwenye nguvu kuchelewesha malipo kinyume cha makubaliano bila sababu ya haki, kuvunja mkataba ghafla, au kumtupia muuzaji hasara isiyo yake. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka hiyohiyo. Ila lazima makubaliano yaonekane. Mimi, kabla spika hazijapakiwa, hutuma barua pepe fupi: tarehe, saa, pesa, siku ya kulipwa, na nani atabeba gharama mvua ikitufukuza ufukweni. Meneja akijibu "sawa" tu, yanitosha. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo.

Tena katazo la kifungu cha 21 linagusa bei za kununulia pia. Meneja akikuandikia kwamba hoteli zimekubaliana zisilipe bendi zaidi ya kiasi fulani, usimjibu kwa hasira. Uhifadhi ujumbe huo.