Barua kwa mwanangu: bahasha ya mjomba wako

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku tu wazima. Goti la baba yako ni lile lile, halizidi wala halipungui, na masika imeanza vizuri hata mfereji umefurika mpaka kwa shangazi yako.

Uliponipigia nilikuwa na maziwa jikoni, nikakujibu nusu nusu. Ulisema mkataba wako unaisha Juni na ofisini hakuna anayekuambia kitu. Usiku unapiga hesabu ya kodi na ada mpaka kunakucha. Mkwe wangu anataka mkope muanzishe biashara, na Jumapili mhubiri kawaambia kwamba wasiwasi ni dhambi. Ukaniuliza, "Mama, ninapohangaika hivi, ninamkosea Mungu?" Nimeona nikae niandike, maana kwa simu ungenikatiza.

Mhubiri wenu simjui, kwa hiyo simsemi. Ila mimi nikisikia habari za wasiwasi namkumbuka yule mjane wa Sarepta. Amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo ndani ya chupa, anaokota kuni mbili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, wale wafe. Na anamwambia nabii hivyo hivyo, bila kupamba. Kama kuna mtu aliyekata tamaa ni huyo mama, lakini Eliya hakumwambia ametenda dhambi. Alimwambia "Usiogope," halafu akamwomba mkate. Akamwomba! Mtu mwenye konzi moja ya unga! Hapo huwa nacheka peke yangu. Mungu alikuwa na kunguru wake tayari, wale waliompelekea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni kule kijito cha Kerithi. Angeweza kuendelea nao. Akaona heri amtume kwa mjane fukara, walishane.

Ni yale yale ninayowaambia tangu mkiwa wadogo: Mungu hutuma. Wanaokaa njiani ni waliotumwa.

Na kwa kuwa nimefika hapo, acha niseme habari ya ile bahasha. Vipande vyake unavijua kwa baba yako, ambaye huvisimulia akicheka. Mimi sicheki, ila pale kwenye mnada.

Ilikuwa 2001, wewe hujaingia darasa la pili. Kahawa ile iliyomsomesha mjomba wako mwaka 1977, bei ilipopaa kwa sababu baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil miaka miwili nyuma, ndiyo hiyo hiyo iliyotuangusha. Walisema Vietnam wamelima nyingi, dunia imejaa kahawa. Tulichokiona sisi ni kwamba fedha za mavuno hazikutosha hata dawa ya kupulizia msimu unaofuata. Watu walikata mibuni kimya kimya, maana sheria ilikataza, wakapanda nyanya. Baba yako alikuwa ameshapunguzwa kiwandani. Ndipo majibu yakatoka: dada yako kachaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni.

Nilifurahi kuanzia shuleni hadi nyumbani. Halafu nikaisoma fomu. Godoro. Tranka lenye kufuli. Ndoo, fyekeo, jembe lenye mpini, rimu ya karatasi, shuka mbili za bluu, sweta, viatu vyeusi. Na ada, bila shaka. Yule ndama mweusi akaenda sokoni, akalipa nusu ya ada, basi.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa. Unamjua, jina siandiki, ameshalala na wanawe ni watu wema. Desemba ile alikuwa akija jioni kututia moyo. Alikaa kwenye kile kiti cha baba yako, akanywa chai yetu na sukari akaongeza, akafungua Mathayo sita, ndege wa angani na maua ya kondeni. Halafu akafumba macho: "Bwana, wafungulie watumishi wako hawa mlango." Aliomba vizuri. Hata leo siwezi kusema aliomba vibaya. Akiaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama, usihangaike. Mwachie Bwana."

Na bahasha yetu iko kwake.

Mjomba wako alimpa mkononi kule Dar mwezi Novemba, mzee alipokuwa ameshuka kwenye harusi. Wakati ule hakukuwa na M-Pesa, hiyo ilikuja 2008. Fedha zilipanda na mtu unayemwamini au na konda. Bahasha ya kaki, jina la baba yako juu, ada nzima ndani na nauli. Mzee akafika kwake akakuta fundi wa paa anadai, akasema nitaazima kidogo, nitarudisha kahawa ya mwisho ikiuzwa. Na kahawa ndiyo hiyo niliyokueleza.

Sisi hatukujua. Krismasi ile mjomba wako hakupanda, na simu ya karibu ilikuwa posta. Tukawa tunaomba mlango ufunguliwe, na mwenye ufunguo ndiye anayetuongoza kuomba.

Jumapili ya kwanza ya Januari sikuwa na fedha ya sadaka, nikabeba mkungu wa ndizi mshare. Mkungu ulikuwa mzuri, vichana vimejaa hadi chini. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada, na unavyojua mnada wa kwetu, yai moja linaweza kuuzwa na kurudishwa mpaka likapata bei ya kuku. Mkungu wangu ukainuliwa. Mia tano! Nani anaongeza? Yule mama wa mitumba wa soko la Mwika akasema mia saba. Nyuma yangu nikasikia sauti: "Elfu!" Ni mzee wetu. Watu wakampigia makofi. Mama wa mitumba akageuka, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Elfu na mia tano, na nisimsikie mtu." Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mchungaji akajificha nyuma ya mwinjilisti.

Nikiukumbuka huo mnada najiuliza: ile elfu ya mzee ilitoka mfuko gani? Ningepoteza mkungu wangu kwa fedha zangu mwenyewe, mwanangu, na watu wakapiga makofi.

Mama wa mitumba alilipa, akanifuata getini, akautua mkungu miguuni pangu. "Nilikuona ukishuka nao. Rudi nao, watoto wale." Nikakataa, akajifanya hasikii. Akauliza, "Binti anaondoka lini?" Nikamwambia haondoki, hatuna hata tranka. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Hatukuwa na mazoea, alikuwa mgeni usharikani, na kina mama walikuwa na maneno juu yake ambayo sitayarudia.

Siku chache baadaye akaja na tranka. Lilikuwa na kutu pembeni, lilinuka dawa ya mende, na juu ya mfuniko kuna jina la mtu tusiyemjua kwa rangi nyeupe. Ndani kulikuwa na sweta, shuka mbili, bluu kweli ingawa si bluu moja, na viatu vyeusi vikubwa ambavyo dada yako alivijaza magazeti mbele. Godoro tulilitoa kitandani kwetu. Nusu ya ada iliyobaki mkuu wa shule alikubali kungoja. Akasoma miaka minne na jina la mtu mwingine kwenye tranka, wenzake wakamwita kwa jina hilo, na mpaka leo kuna watu wazima huko mijini wanaomwita hivyo.

Pasaka mjomba wako akapanda. Yuko sebuleni anakula kiburu, akasema tu, kama anayeulizia chumvi, "Bahasha ilitosha?" Baba yako akaacha kutafuna.

Mzee alirudisha zote, nusu Mei, nusu baada ya mavuno, kwa bahasha ile ile. Lakini hakukaa tena kwenye kile kiti, na mimi sikumkaribisha.

Baba yako husema, "Bahasha ingefika, yule mama usingemjua." Na ni kweli, ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa ubatizo wa mdogo wako, na alipougua nilimuuguza kama dada. Lakini sikubali. Mungu hapangi mtu azuie fedha za watoto wa watu ili Yeye apate nafasi ya kung'aa kwenye mnada. Halafu usiku ananijia Yusufu anavyowaambia nduguze kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Hapo nasema, haya, baba yako ana haki kidogo. Kidogo. Maana aliyesema maneno hayo ni Yusufu mwenyewe, aliyetupwa shimoni. Wale ndugu hawakuwa na ruhusa ya kumwambia. Nami yule mzee angethubutu kuniambia "unaona, mama, Bwana amefungua," ningemmwagia chai.

Na kuna jambo jingine ambalo baba yako halisimulii. Mtoto wa jirani yetu wa juu alichaguliwa mwaka ule ule. Hakwenda. Hakuna aliyeleta tranka. Mama yake aliomba kuliko mimi, nilimsikia mwenyewe alfajiri nikienda kukama. Sasa mtu akiniambia kwamba anayemtumaini Mungu hapungukiwi, huyu nimweke wapi? Niseme hakuamini vya kutosha? Siwezi, nilimsikia. Niseme Mungu alimsahau? Hilo nalo siwezi. Ndiyo maana nang'ang'ania pale pale: alituma, na mtu akakaa njiani. Pengine mtu huyo hajui hata leo kwamba ni yeye.

Katekisimo mlikariri wote kabla ya kipaimara, na wewe ulipigwa fimbo mbili kwa ajili ya sala ya nne ndani ya Baba Yetu, ile ya riziki. Riziki ya kila siku ni nini? Luther anataja chakula na nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, serikali nzuri, hali njema ya hewa, na mwisho kabisa majirani waaminifu. Jirani yumo kwenye riziki yenyewe, pamoja na unga. Nilikariri hilo nikiwa msichana na sikulitia maanani mpaka lile tranka lilipoingia mlangoni.

Sasa, swali lako. Kupiga hesabu ya kodi si dhambi, hilo nakupa bila shaka yoyote. Baba mwenye watoto asiyepiga hesabu ndiye wa kuogopwa. Yesu alisema msisumbukie, naam, lakini isome Mathayo sita kuanzia mstari wa 24, uone kwamba kabla ya kuwataja ndege ametaja mali, na kwamba mtu hawezi kuitumikia pamoja na Mungu. Kwa hiyo anayeambiwa atulie si maskini peke yake. Mwenye ghala anaambiwa pia, na wasiwasi wa mwenye ghala, naona mimi, ndio unaoifungia bahasha ndani. Yule mzee naye alikuwa anahangaikia paa lake. Lakini wewe uliniuliza juu ya usiku wako, si juu ya mzee, na kuhusu usiku wako sina dawa. Mimi nililala vizuri mwaka ule? Sikulala. Niliimba tenzi kimya kimya ili nisimwamshe baba yako, naye, kumbe, alikuwa macho.

Kuhusu mkopo sisemi. Nyumba ni yenu, na mkwe wangu ana akili ya biashara kuliko sisi sote, hata vile vitumbua vya chuoni vilimlipia ada. Ila kama ni hii mikopo ya kausha damu, ya kuchukuliwa Jumatatu na kudaiwa Ijumaa, na picha ya mtu kusambazwa kwenye simu... Basi. Nimesema sisemi.

Nitauliza hili tu: dada yako umemwambia? Nimemzungusha jana kwa simu, nikaona hajui lolote. Mmerithi kwa baba yenu hiyo tabia ya kufa kimya. Mtu atatumwaje kwako na wewe umejifungia?

Ndizi zinashuka na basi la Ijumaa, mikungu miwili ya mshare. Mmoja ni wenu, mwingine ni wa dada yako, na umpelekee mwenyewe, usimtume bodaboda. Konda nimemlipa kila kitu. Akikudai tena, mwambie anipigie mimi.

Mama yako.